Kazi ya Muuguzi Msafiri katika Wodi ya Mahututi: Mwongozo kwa Anayekusudia Kushika Mkataba Marekani

Katika hospitali za Marekani iko kazi ambayo wauguzi wenye asili ya Kenya, Tanzania na Kongo wanaoishi huko huiulizia sana, nayo ni kazi ya muuguzi msafiri. Yaani mtu mwenye leseni na tajiriba ambaye huajiriwa na wakala, akapelekwa katika hospitali iliyopungukiwa na watu, akaitumikia kwa muda maalumu ambao aghalabu ni wiki 13, kisha muda ukiisha ama akaongezewa, ama akafunga mizigo yake akaelekea mji mwingine. Husimuliwa kwamba desturi hii ilianzia New Orleans mwaka 1978, pale hospitali za mji ule zilipoikabili sikukuu ya Mardi Gras zikijua kwamba wageni watafurika na wauguzi hawatatosha, zikaleta wengine kutoka nje kwa mkataba mfupi. Siku hizi haja si ya sikukuu tu: hospitali humtafuta msafiri wakati wa homa za majira ya baridi, wauguzi wake wanapokuwa katika likizo ya uzazi, inapofungua wodi mpya, au, na hili yakupasa ulichunguze mapema, pale wenyeji walipoikimbia kwa sababu haikaliki.

Mwongozo huu unamhusu muuguzi wa wagonjwa mahututi, na sababu ya kumtenga na wenzake ni hii. Muuguzi wa wodi ya kawaida asipojua sindano zimewekwa kabati gani hupoteza dakika chache, na dakika zile aghalabu hufidika. Lakini muuguzi wa mahututi asipojua toroli la dharura lilipo, mgonjwa wake hana dakika za kupotezewa. Elimu yako utasafiri nayo popote, ila mazoea ya mahali hayasafiri, na usalama wa mgonjwa mahututi umeshikamana sana na mazoea hayo: namna dawa zinavyochanganywa, nambari ya simu inayopigwa moyo ukisimama, jina la daktari anayekuja usiku. Nahodha aliyezijua bahari zote, akifika mlango wa bandari ngeni, humpakia rubani wa pale wala haoni haya. Na muradi wa yote yatakayofuata ni kukuonyesha jinsi ya kuyapata mazoea ya mahali kwa haraka, kabla mgonjwa hajayahitaji.

Pima kwanza kama umeiva

Hospitali inayomlipa msafiri haimlipi ili imfundishe. Muuguzi mpya aliyeajiriwa moja kwa moja katika wodi ya mahututi huwekwa chini ya mlezi kwa wiki nyingi, ilhali msafiri huonyeshwa mazingira kwa zamu moja au mbili, na mara nyingine kwa saa chache tu, kisha huandikiwa wagonjwa kama mwenyeji. Ndiyo sababu mawakala wengi hudai uwe umefanya kazi ya mahututi kwa mwaka mmoja au miwili ya karibuni. Nami ningekushauri uichukue hiyo miwili kuwa ndiyo kiwango cha chini, hata kama wakala ameridhika na mmoja, kwa kuwa wakala hatakuwapo usiku ule mgonjwa wako atakapozidiwa.

Jiulize haya ukiwa peke yako, bila ya kujipendelea:

- Mgonjwa akiletwa kutoka chumba cha upasuaji akiwa na mrija wa kupumulia, mrija wa ateri na dripu tatu za dawa za kupandisha shinikizo la damu, naweza kumpokea na kumpanga bila ya mtu kunielekeza?
- Mashine ya kupumulia ikilia, naweza kupambanua upesi kama mrija umeziba, umechomoka, au hewa imevuja kifuani ikalibana pafu?
- Moyo wa mgonjwa ukisimama, naijua nafasi yangu bila ya kuambiwa?
- Naweza kumwamsha daktari nisiyemjua saa tisa za usiku, nikamweleza hali ya mgonjwa kwa maneno machache yaliyopangika, nikamwambia na ninachokitaka?

Ukisita katika lolote kati ya hayo, baki ulipo mwaka mmoja zaidi. Hilo si aibu, na mikataba haitakwisha. Mwaka huo utumie pia kutafuta cheti cha CCRN, ambacho hutolewa na jumuiya ya wauguzi wa mahututi ya Marekani. Njia mojawapo ya kustahili kufanya mtihani wake ni kuwa umewahudumia wagonjwa mahututi kwa saa 1,750 ndani ya miaka miwili, na 875 kati ya hizo ziwe katika mwaka wa karibuni. Si sharti la kila mkataba, ila ni ithibati inayomtuliza msimamizi ambaye hajapata kukuona.

Wakala atakupa orodha ndefu ya ujuzi uijaze, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakiona imeandikwa mashine ya kusafisha damu mfululizo, puto la kusaidia moyo, au ekimo (ECMO), huweka alama ya umahiri kwa kuwa waliwahi kusimama karibu na mwenzao aliyekuwa akiitumia. Orodha ile huwa ndiyo hoja ya kukupangia mgonjwa. Uliloliona andika kwamba umeliona, na unalolitenda kila wiki andika kwamba unalitenda.

Karatasi, moja baada ya nyingine

Anza kuzikusanya miezi mitatu kabla ya kuomba mkataba wa kwanza, maana hospitali hutaka mtu wa kuanza baada ya wiki mbili au tatu, na mkataba mzuri humwendea yule ambaye karatasi zake zimetimia.

1. *Hadhi ya uhamiaji.* Kazi hii imejengwa juu ya mtu anayeweza kubadili mji kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mawakala wengi hutaka raia au mwenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani. Kama uliletwa na mwajiri aliyekugharimia safari na karatasi, nawe ukatia sahihi ya kumtumikia kwa miaka kadhaa, usimwache kabla ya kuusoma mkataba ule pamoja na mwanasheria, kwani huenda ndani yake mkawa na fidia ya kutisha.

2. *Leseni.* Majimbo zaidi ya 40 yamefungamana kwa mapatano ya leseni za uuguzi, na mwenye leseni ya pamoja huweza kufanya kazi katika yote bila ya kuomba upya. Ila leseni hiyo hutolewa na jimbo unaloishi kisheria, yaani lile lililotoa leseni yako ya udereva na unakolipia kodi, nalo sharti liwe ndani ya mapatano. Texas imo, California na New York hazimo, wala Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, haimo, na aishiye huko hana budi kuomba leseni ya kila jimbo aendako. Ukihamisha makao kutoka jimbo moja la mapatano hadi jingine, una siku 60 za kuomba leseni ya makao mapya.

3. *Vyeti vya uokoaji.* BLS na ACLS hudumu miaka miwili. Tazama tarehe: cheti kinachokwisha katikati ya mkataba kitakusimamisha kazi, na zamu ulizokosa hazitalipwa.

4. *Afya.* Utadaiwa ushahidi wa kinga ya surua, tetekuwanga na homa ya ini aina ya B, kupimwa barakoa ya N95 kama inakukaa usoni, kupimwa mkojo na kuchukuliwa alama za vidole. Kuhusu kifua kikuu nina wasia kwa waliozaliwa kwetu: ulipokuwa mchanga ulichanjwa BCG, na chanjo hiyo huweza kukifanya kipimo cha ngozi kivimbe ilhali huna ugonjwa wowote. Omba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG, ukaepukana na picha za kifua na barua za mfululizo.

5. *Wadhamini.* Wawili angalau, wawe wasimamizi waliokuona kazini ndani ya mwaka uliopita. Waombe ruhusa wao wenyewe kabla ya kuandika majina yao.

Hifadhi nakala za karatasi zote mahali pamoja katika simu na mahali pengine pasipo simu. Wakala atakuomba karatasi ile ile mara kadha wa kadha, nawe usikasirike.

Mahojiano na mkataba

Mahojiano huwa ni simu ya dakika 20 na msimamizi wa wodi, na wengi wetu, kwa taadhima tuliyolelewa nayo, hujibu maswali kisha tukashukuru na kukata. Taadhima ni njema, lakini simu ile ndiyo nafasi yako ya pekee ya kuijua wodi kabla ya kufungwa nayo. Uliza kwa upole: muuguzi mmoja hupewa wagonjwa wangapi? Wasafiri waliomo sasa ni wangapi, na mmoja wao amewahi kuongeza mkataba? Usiku yupo daktari ndani ya wodi, au yuko nyumbani kwa simu? Nitaonyeshwa mazingira kwa zamu ngapi? Msimamizi mwema hufurahia maswali haya. Yule anayeyakwepa, akasema tu kwamba hapo wote ni aila moja, amekwisha kukujibu.

> SANDUKU: Usitie sahihi mpaka uyaone haya yameandikwa
>
> ☐ Saa zilizodhaminiwa kwa wiki (mara nyingi 36, yaani zamu tatu za saa 12), na idadi ya zamu ambazo hospitali yaweza kuzifuta bila ya kukulipa.
>
> ☐ Hospitali ikiuvunja mkataba, itatoa notisi ya siku ngapi. Na wewe ukiuvunja, utatozwa nini.
>
> ☐ Wodi ambazo waweza kuhamishiwa wakati wa upungufu. Neno "popote" lisikubaliwe.
>
> ☐ Mchana au usiku, na kama zamu hugeuka.
>
> ☐ Ujira wa saa, posho ya nyumba, posho ya chakula na malipo ya saa za ziada, kila kimoja mstari wake.
>
> ☐ Siku za ruhusa ulizoziomba, zikiwa na tarehe: Idi, Krismasi, harusi ya ndugu yako.
>
> ☐ Bima ya afya inaanza siku gani, na nani anakulipia bima ya makosa ya kitaaluma.

Ajenti anayekupigia simu kwa niaba ya wakala huenda ni mtu mwaminifu, tena mkarimu. Ila leo yupo na kesho amebadilisha kazi, na alichokuahidi kwa mdomo ataondoka nacho. Kila ahadi mjibu hivi: "Ahsante, tafadhali iandike ndani ya mkataba." Kisha ungoje.

Posho na kodi

Ujira wa msafiri huwa na sehemu mbili: fedha ya saa inayotozwa kodi, na posho za nyumba na chakula ambazo huweza kusamehewa kodi. Posho husamehewa kwa sababu serikali inakuchukulia kuwa unagharimia makao mawili, yale uliyoyaacha na yale uliyoyapanga kwa kazi. Kwa hiyo yule asiye na makao ya kweli aliyoyaacha hana haki ya msamaha huo, hata kama wakala ameiandika posho yake kuwa haina kodi.

Watu wetu hukosea hapa mara nyingi. Muuguzi huacha mizigo yake kwa binamu yake huko Dallas, hulala hapo wiki moja baina ya mikataba, halipi kodi ya pango, kisha huitaja anwani ile kuwa makao yake. Mamlaka ya kodi hutazama mambo matatu: kama unafanya kazi pia katika eneo la makao yako, kama unalipa gharama halisi za makao hayo huku ukilipia na unakokwenda, na kama hukuyahama, mathalan aila yako ingalipo au wewe huyarudia mara kwa mara. Asiyetimiza angalau mawili huhesabiwa kuwa mtu asiye na makao maalumu, na posho zake zote hutozwa kodi, pengine baada ya miaka na pamoja na adhabu. Kadhalika usiamini uvumi kwamba kuvuka maili 50 kunatosha. Kanuni hiyo haimo katika sheria ya kodi. Na kazi ya mahali pamoja inayotazamiwa kuzidi mwaka mmoja haihesabiwi tena kuwa ya muda, kwa hiyo ukiongezewa mkataba mara kwa mara hesabu miezi. Mlipe mhasibu ajuaye mambo ya wasafiri.

Tazama tena upande wa pili. Ujira wa saa ukiwekwa chini sana na posho zikawekwa juu, mkono wako leo utapokea zaidi, lakini pensheni ya uzeeni huhesabiwa kwa ule ujira uliotozwa kodi, na benki utakapoiomba mkopo wa nyumba huenda ikautazama huo tu.

Zamu ya kwanza

Siku moja kabla ya kazi, nenda hospitalini kwa gari au basi utakalolitumia, saa ile ile utakayokwenda, ujue unaegesha au unashuka wapi, na mlango gani hufunguliwa usiku. Siku ya kuonyeshwa mazingira, hakikisha umeondoka na vitu vinne mkononi: nywila ya kompyuta iliyojaribiwa, idhini ya kufungua kabati la dawa, idhini ya kutumia kipima sukari, na kitambulisho kinachofungua milango ya wodi. Wapo waliopewa wagonjwa wawili hali kabati la dawa haliwatambui, wakawa wanamsihi mwenzao awafungulie kila saa. Na mwenzao naye ana wagonjwa wake.

Kisha, kabla ya kupokea ripoti, tembea wodi nzima kwa miguu yako. Usitosheke na kuonyeshwa kwa kidole.

1. Gusa kila kimoja kwa mkono: toroli la dharura, toroli la mirija ya koo gumu, mashine ya kushtua moyo, friji ya dawa, mashine ya kupimia gesi za damu.
2. Andika kwenye karatasi ya mfukoni nambari ya kuita dharura (si kila hospitali hutumia ile ile), ya duka la dawa usiku, ya benki ya damu, na ya fundi wa mashine za kupumulia.
3. Muulize msimamizi wa zamu: "Mgonjwa wangu akihitaji mrija wa kupumulia saa nane za usiku, nani anautia, na anatoka wapi?" Jibu la swali hili moja litakueleza mengi juu ya mahali ulipo.
4. Uliza ni mambo gani muuguzi wa pale huyafanya kwa amri ya jumla na yapi humngojea daktari: kupandisha dripu, kuongeza dawa za usingizi, kumfunga mgonjwa mikono asing'oe mrija.
5. Mtafute mwenyeji mmoja wa zamu ile, mwambie jina lako, umwambie kwamba utamuuliza maswali. Aliyekwisha kuambiwa hachoki upesi kama aliyeshtukizwa.

Hapo tena ndipo uende kitandani. Ripoti ipokelewe mbele ya mgonjwa, macho yenu nyote wawili yakiwa juu ya pampu, kwani ripoti ya mdomo iliyotolewa mezani hupotea nusu yake njiani. Mfuko wa kupumulisha kwa mkono uwe kichwani pa kitanda, umeunganishwa na oksijeni. Mashine ya kufyonza makohozi iwashwe na ijaribiwe. Kimo cha mrija wa kupumulia kisomwe kwenye meno na kilinganishwe na kilichoandikwa. Mfuko ule si wa kudharauliwa: mwaka 1952, maradhi ya polio yalipoupiga mji wa Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen na wenzake waliwaweka wanafunzi wa udaktari wakiiminya mifuko ya namna hiyo kwa zamu, mchana na usiku, wakiwapumulisha wagonjwa waliokwisha kukatiwa tamaa, na wodi hizi za mahututi zilizaliwa kutokana na kazi ile. Mashine ikizima, kinga yako ni ile ile ya kwao.

Ukimaliza hapo, shika kipimio cha mrija wa ateri. Ukiwa wodi yako ya zamani ulizoea kukikuta mahali pake. Hapa huenda kimening'inia popote. Kilinganishe na moyo, yaani nafasi ya nne baina ya mbavu, katikati ya ubavu, kisha ukirudishe sifuri. Kikishuka sentimita 10 chini ya hapo, shinikizo litasomeka juu kwa takriban milimita 7. Na mgonjwa anayeonekana ana wastani wa 65, ambao ndio shabaha ya kawaida kwa mwenye sumu ya maambukizi katika damu, kwa hakika atakuwa na 58, nawe utakuwa unaipunguza dawa aliyostahili kuongezewa.

> HADHARI: Dripu ya jina moja, nguvu mbalimbali
>
> Norepinefrini ya hospitali moja huchanganywa miligramu 4 katika mililita 250 za maji ya dripu, na ya hospitali nyingine miligramu 16 katika mililita hizo hizo 250. Mchukue mgonjwa wa kilo 80 aliyeandikiwa maikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika, yaani maikrogramu 8 kwa dakika. Kwa mchanganyiko wa kwanza pampu itakwenda mililita 30 kwa saa. Kwa wa pili itakwenda 7.5 tu. Atakayeiona 7.5 akadhani ni ndogo mno, akaipandisha hadi 30 aliyoizoea, amempa mgonjwa dawa mara nne.
>
> Tena ziko hospitali zinazoandika dripu hii kwa kilo na ziko zisizoandika kwa kilo. Anayeingiza 8 kwa kilo mahali pa 8 tupu amezidisha mara 80.
>
> Kwa hiyo, kila dripu, kila zamu: soma lebo ya mfuko, soma kipimo katika amri, soma pampu, kisha piga hesabu mwenyewe kwa karatasi. Usiiruke kamwe orodha ya dawa iliyomo ndani ya pampu. Mipaka yake iliwekwa kwa ajili ya saa kama hii.

Baada ya hayo yote kuna jambo la ulimi. Usiseme, "Kule nilikotoka hatufanyi hivi." Hata ukiwa na haki, maneno hayo huwafunga watu masikio. Sema, "Nieleweshe utaratibu wenu," na ukiona utaratibu wenyewe unamdhuru mgonjwa, sema dhahiri kwamba una wasiwasi, taja unachokiona, umwite msimamizi. Kuuliza hakujamvunjia msafiri heshima. Wenyeji humwogopa zaidi yule mgeni asiyeuliza lolote zamu nzima.

Na kama mgonjwa au jamaa zake ni wazungumzaji wa Kiswahili, kama walivyo wakimbizi wengi wa Kongo waliokaribishwa katika miji ya huko, utaona furaha yao pindi watakapoisikia lugha yao, nawe usiwanyime. Mwamkie mama mzee shikamoo, mweleze kwamba unamgeuza ubavu, mtulize. Lakini yakija maneno ya upasuaji, ya idhini, au ya kuondoa mashine, daktari asikufanye mkalimani wake. Hospitali ina wajibu wa kisheria wa kuleta mkalimani aliyehitimu, na aila ile ina haki ya kumpata. Wewe baki kuwa muuguzi wao.

Ukipewa mzigo usiobebeka

Msafiri huhamishwa wodi kabla ya wenyeji, na mara nyingine hupewa mgonjwa wa tatu. Sheria si moja kila mahali. California imeweka kwamba katika wodi ya mahututi muuguzi mmoja asizidishiwe wagonjwa wawili, na Massachusetts ilipitisha sheria yake mwaka 2014 ya mgonjwa mmoja au wawili kwa kadiri ya ugonjwa. Majimbo mengi hayana hesabu iliyoandikwa. Huko Texas upo utaratibu uitwao Safe Harbor, ambao humpa muuguzi kinga ya leseni na ya kazi akieleza kwa maandishi, kabla ya kuupokea mzigo au hali ikibadilika zamu ikiwa inaendelea, kwamba kwa imani yake utamdhuru mgonjwa.

Popote ulipo, fuata mpangilio huu. Sema kabla ya kupokea ripoti, kwa maana ukisha kuipokea mgonjwa ni wako, na kumwacha ni kosa linaloweza kukunyang'anya leseni. Mwambie msimamizi wa zamu hasa ni nini usichokiweza: "Mashine hii ya kusafisha damu sijafunzwa," si "Kazi ni nyingi." Pendekeza mbadala, kama vile kubadilishana mgonjwa na mwenyeji aliyefunzwa. Asipokubali, omba jina lake na umpigie muuguzi wa zamu wa wakala wako, kwani mawakala wakubwa huwa na mtu wa namna hiyo usiku na mchana. Zamu ikiisha, andika saa, majina na maneno yaliyosemwa, bila ya kutia jina la mgonjwa.

Wiki za mwisho

Ukijiandaa kwa mkataba mwingine, nyumba usilipie kabla ya kuiona au kuangaliziwa na mtu unayemwamini, maana matapeli huwawinda wasafiri kwa picha nzuri. Na weka akiba ya kutosha mwezi mzima bila ya kazi, kabla ya kuongeza fedha unazotuma nyumbani, kwa sababu mikataba hufutwa hata siku mbili kabla ya kuanza.

Wiki ya nane au ya tisa ndiyo ya kuuliza kama utaongezewa. Ukingoja ya kumi na mbili, ama nafasi imekwisha kutolewa, ama utakubali ujira wowote kwa hofu. Wodi ikiwa njema, kuongeza ni bora kuliko kuhama: mazoea uliyoyachuma kwa taabu tayari unayo. Ikiwa mbaya, tafuta mkataba mwingine mapema, umalize huu kwa adabu, hata zamu ya mwisho.

Na kabla hujarudisha kitambulisho, muombe msimamizi akuandikie tathmini, si kwa wakala tu bali na kwako, ikiwa na tarehe, aina ya wagonjwa uliowahudumia na mashine ulizozitumia. Wasimamizi nao huhama, na mwaka mmoja baadaye, utakapomhitaji akudhamini, simu yake ya ofisi itapokelewa na mtu asiyekujua.